Kilwa: Dhahabu ilipita, mawe yalibaki



Hebu tuanze na hesabu ndogo. Ile gramu ya dhahabu iliyotoka shimoni wiki iliyopita, kule Manguredjipa, Lutunguru ama mahali pengine unapopajua wewe mwenyewe, leo iko wapi? Ilipimwa kwenye mizani ya mnunuzi pale pale machimboni. Yeye akaipeleka Butembo au Beni kwa tajiri wake. Kutoka hapo ikavuka mpaka, ikapanda ndege, na sasa pengine iko shingoni mwa mtu wa nchi ya mbali ambaye hajasikia hata siku moja jina la kijiji chako. Na makuta uliyopata? Hayo pia yalikuwa na haraka: deni la dukani, simu, mafuta ya pikipiki, bia mbili tatu za kuwafurahisha wenzako. Jumatatu mfuko ulikuwa mtupu, na shimo lilikuwa linakungoja.

Tuseme basi kwamba dhahabu ina miguu. Haikai. Lakini je, inapopita, inaacha nini nyumbani?

Swali hilo ni la zamani sana. Kusini mwa nchi ya Tanzania, kando ya Bahari ya Hindi, uko mji mmoja mdogo ambao ulikula dhahabu, ukavaa dhahabu na kujenga kwa dhahabu, zaidi ya miaka 700 iliyopita. Jina lake ni Kilwa. (Usichanganye na Kilwa yetu ya Katanga, ile ya kando ya ziwa Mweru.) Dhahabu yake yote imekwisha kwenda. Lakini kuta zake zingine zimesimama mpaka leo, na watu wanatoka mbali kuja kuziangalia. Mwezi huu tunakualika utembee nasi katika mitaa ya mji huo, uangalie namna walivyojenga, kisha turudi pamoja Butembo.

KILWA NI TATU

Ukitoka Dar es Salaam kwa basi kuelekea kusini, safari ni ya kilomita karibu 300 hivi. Utafika Kilwa Masoko, mji wa leo, wenye ofisi za serikali, soko na bandari ndogo. Kaskazini yake kuna Kilwa Kivinje, mji wa karne ya 19. Na ukisimama pwani ya Masoko ukiangalia ng'ambo ya maji, utaona kisiwa chenye miti mingi na kuta za rangi ya kijivu. Hicho ndicho Kilwa Kisiwani, mama wa Kilwa zote. Wanavuka kwa mashua, na upepo ukiwa mzuri haichukui muda mrefu.

Watu walianza kukaa kisiwani humo karibu na mwaka 800. Wakati huo hapakuwa na majumba ya mawe. Nyumba zilikuwa za miti na udongo, sawa na zile ambazo wengi wetu tulizaliwa ndani yake. Wenyeji walivua samaki, walilima, walifua chuma na kuuza kidogo kidogo kwa watu waliokuja na majahazi.

Wazee wa Kilwa wana simulizi lao. Wanasema mtoto wa mfalme kutoka Shirazi, nchi ya Waajemi, alifika na kukinunua kisiwa chote kwa mwenyeji wake. Bei yake ilikuwa kitambaa: nguo ya kutosha kuzungushia kisiwa. Pengine unacheka. Lakini hata kwetu, si tunawajua watu waliouza shamba la baba yao kwa bei ya pikipiki moja? Wachunguzi wa leo wanasema kwamba mji haukuletwa kutoka ng'ambo ukiwa tayari. Uliota pale pale, mikononi mwa Waafrika wa pwani, ambao baadaye walioana na wageni waliokuja kufanya biashara. Lugha yao ndiyo mama wa hii unayoisoma sasa. Unaposema dirisha, sakafu, chokaa au boriti, unatumia maneno ya mafundi wa pwani ile.

NYUMBA ZILIZOTOKA BAHARINI

Sasa tuingie mjini. Utaona kwanza kwamba kuta si za tofali. Ni za mawe ya matumbawe. Kwa sisi watu wa milimani jambo hili linahitaji maelezo kidogo. Matumbawe ni mawe yanayojengwa baharini na wadudu wadogo sana, kizazi juu ya kizazi, kwa maelfu ya miaka. Mafundi wa Kilwa walitumia namna mbili. Jiwe gumu la nchi kavu, lenye matundu matundu, lilikuwa la kujazia kuta. Na kwa sehemu za urembo, kama vile nguzo za milango na maandishi, walikata tumbawe laini likiwa bichi ndani ya maji. Likiwa bado na maji lilichongeka kwa urahisi. Lilipokauka juani likawa gumu.

Na simenti? Hawakuwa nayo. Walipanga magogo mengi, wakaweka vipande vya matumbawe juu yake, wakachoma moto mkubwa. Mawe yaliungua yakawa chokaa. Chokaa hiyo waliiacha inyeshewe na kutulia kwa muda mrefu kabla ya kuichanganya na mchanga. Fundi mwenye haraka hakupata kazi Kilwa.

Juu ya kuta walilaza boriti za mikoko, ile miti inayoota ndani ya maji ya chumvi. Mti wa mkoko ni mgumu na mchwa hauupendi, lakini si mrefu. Kwa hiyo vyumba vya Kilwa ni virefu lakini vyembamba, upana wake haupiti sana mita 3. Ni mti uliopima chumba. Fundi hakuchora kwanza chumba kikubwa halafu akaanza kutafuta mahali pa kupata miti. Aliangalia kwanza bahari yake inampa nini, halafu akachora.

Ndani ya nyumba kubwa palikuwa na uwanja wazi katikati, na vyumba vilipangwa kimoja nyuma ya kingine. Mgeni aliishia mbele, kwenye baraza. Jamaa walikaa nyuma zaidi, na mahali pa ndani kabisa palikuwa pa siri ya nyumba. Visima vilichimbwa, maji machafu yalipewa njia yake, vyoo vilikuwa vya mawe. Ukivuka tena kwa mashua kwenda kisiwa cha Songo Mnara, kusini ya Kisiwani, utakuta mji mwingine wa namna hiyo hiyo: nyumba za mawe zaidi ya 40 na misikiti 6, kazi ya karne ya 14 na ya 15. Ukitembea humo unaweza bado kusema: hapa waliingilia, hapa walikaa, hapa walilala.

MSIKITI MKUBWA NA JUMBA LISILOKWISHA

Majengo mawili ya Kisiwani yanatupa somo, kila moja kwa namna yake.

La kwanza ni Msikiti Mkubwa. Sehemu yake ya zamani ilijengwa karne ya 11 au ya 12. Ilikuwa ndogo, yenye dari bapa iliyobebwa na nguzo. Mji ulipoongezeka, mwanzoni mwa karne ya 14 walijenga sehemu mpya kubwa upande wa kusini. Sehemu hiyo ilianguka. Hawakuuhama msikiti wao. Katika karne ya 15 waliijenga tena kwa matao na kuba, yaani dari za mviringo kama nusu ya yai, na nyingine zinasimama juu ya kichwa cha mgeni mpaka leo. Ni jengo la watu wengi na la vizazi vingi. Kila kizazi kilirithi kazi ya wazee, kikatengeneza palipobomoka, kikaongeza.

La pili linaitwa Husuni Kubwa. Ni jumba la sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala karibu na miaka 1310 mpaka 1333, wakati dhahabu ilipokuwa nyingi kuliko wakati wote. Aliliweka juu ya mwamba, likitazama bahari. Lilikuwa na vyumba zaidi ya 100, ghala za mali, viwanja, ngazi za kushukia majini, na bwawa la kuogelea lenye pembe nane. Hakuna nyumba ya namna hiyo iliyokuwa imeonekana katika pwani yote. Lakini wachunguzi waliochimba pale, pamoja na Mwingereza Neville Chittick katika miaka ya 1960, waligundua kwamba jumba lile halikukwisha kujengwa vizuri, na watu walikaa ndani yake kwa muda mfupi tu. Jumba la mtu mmoja lilikufa karibu pamoja na mwenyewe.

Msafiri mkubwa Ibn Battuta, mtu wa Maroko, alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu mji kwa uzuri wake. Sultani huyo huyo alimpendeza kwa ukarimu. Anasimulia kwamba siku moja maskini alimwomba sultani nguo alizovaa, naye akamvulia akampa. Mtoto wa sultani akazirudisha zile nguo kwa kumpa maskini watumwa 10. Sultani aliposikia watu wanamsifu, akaongeza watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za tembo. Soma tena, mpenzi msomaji. Ukarimu ule ulilipwa kwa watu. Watumwa wale 20 nao walikuwa na mama zao, lakini majina yao hayakuandikwa mahali popote. Na sultani alipokufa, ndugu yake Daud aliyeshika utawala alikuwa akiwajibu waombaji kwamba yule mtoaji amekufa na hakuacha kitu.

NI NANI ALIYEICHIMBA?

Utauliza sasa: dhahabu hiyo ilitoka wapi? Kilwa hakuna hata shimo moja la dhahabu. Hapa ndipo hadithi inapotugusa sisi watu wa machimbo.

Ilitoka mbali sana, katika nchi ya juu inayoitwa leo Zimbabwe. Ilibebwa mpaka bandari ya Sofala, katika Msumbiji ya leo, na Kilwa ndiyo iliyoishika Sofala. Kila jahazi lilipita mikononi mwa Kilwa na kulipa kodi. Sarafu ndogo ya Kilwa imeokotwa katika magofu ya Zimbabwe Kuu, ule mji wa kuta za mawe uliokuwa na nguvu wakati huo huo.

Wachimbaji wenyewe waliingia katika mashimo membamba, mengine ya kina cha mita 30. Waliwasha moto juu ya mwamba ili upasuke, kisha wakagonga kwa nyundo na patasi za chuma. Walipofika penye maji waliacha, kwa sababu hawakuwa na namna ya kuyatoa. Mashimo mengine yaliwaangukia. Wachunguzi wamekuta mifupa ya watu ndani ya machimbo hayo ya zamani, na kati yao wasichana na wanawake vijana, ambao pengine walitumwa kwa sababu miili yao ilikuwa midogo. Wewe mama unayesoma haya mahali ambapo watoto wanaingia shimoni badala ya kuingia darasani, huhitaji kuelezwa zaidi.

Na malipo? Nguo kutoka India, shanga za kioo, vyombo vya nchi ya mbali. Aliyechimba alipata shanga. Aliyebeba alipata nguo. Aliyekaa mlangoni mwa bahari alipata kuba na bwawa la pembe nane.

DHAHABU YA KILWA IKO LISBON

Lakini mwenye mlango naye anaweza kunyang'anywa mlango. Mwaka 1502 Vasco da Gama, Mreno, alirudi katika bahari hiyo na merikebu zenye mizinga. Alimtisha mtawala wa Kilwa mpaka akatoa dhahabu kuwa kodi ya mfalme wa Ureno. Wareno wengine waliamini hata kwamba Sofala ndiyo Ofiri, ile nchi inayosomwa katika Biblia ambako Mfalme Sulemani alipata dhahabu. Mwezi wa Julai 1505 Francisco de Almeida alifika na merikebu nyingi zaidi. Askari wake waliingia mjini, wakapora nyumba, wakajenga ngome kando ya maji. Mwaka 1512 waliihama. Dhahabu, kwa kuwa ina miguu, ilikwisha tafuta njia nyingine. Wareno walikuwa wameishika Sofala yenyewe, na wafanyabiashara wengi wakapita vichochoro vingine. Kilwa ikabaki na kuta zake.

Na ile dhahabu ya kwanza ya Vasco da Gama? Tunajua ilipo. Mfalme Manuel I wa Ureno aliagiza itengenezwe chombo cha kuonyeshea Ekaristi Takatifu, kile ambacho padri anakiinua wakati wa kuabudu. Kazi hiyo, inayosemwa kuwa ya fundi Gil Vicente, ilikwisha mwaka 1506. Mitume 12 wamepiga magoti kuzunguka mahali pa kuwekea Hostia. Leo kinatunzwa katika nyumba ya makumbusho mjini Lisbon, na watu wanakitazama kwa mshangao. Ni kizuri kweli kweli. Lakini dhahabu yake ilitolewa kwa vitisho mkononi mwa mtu wa Kilwa, ambaye aliipata Sofala, ambako ililetwa kutoka shimo ambalo pengine binti fulani hakutoka tena. Tunaweza kukiheshimu chombo na kumkumbuka binti pia.

MILANGO YA KIVINJE

Kabla ya kurudi nyumbani, tupite Kilwa Kivinje. Huku hakuna kuba. Kuna mitaa ya nyumba za udongo na chokaa zenye baraza mbele, milango ya mbao iliyochongwa maua, na majengo ya serikali ya Wajerumani yaliyobaki tangu mwisho wa karne ya 19. Mabati ya nyumba nyingi yamepata kutu, na miti imeota juu ya kuta. Kuna pia mnara wa kumbukumbu ya wale walionyongwa kwa ajili ya vita ya Maji Maji, iliyoanza mwaka 1905.

Ile milango mizuri ilinunuliwa na nini? Tusifiche. Katika karne ya 19 Kivinje ilikuwa moja ya bandari kubwa za biashara ya watumwa katika pwani ya kusini. Watu walishushwa kutoka upande wa ziwa Nyasa, wakiwa wamefungwa, na kupakiwa kwenda Unguja na ng'ambo. Fundi aliyechonga mlango alikuwa hodari, na maua yake yanapendeza. Lakini mlango hausemi wenyewe nani aliulipia. Sisi ndio tunaopaswa kuuliza. Hata katika miji yetu, ghorofa likipanda haraka, si vibaya kijana aulize: ni jasho la nani?

NANI ANALINDA MAWE LEO?

Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia nzima. Lakini karatasi haishiki ukuta. Mvua iliosha chokaa, mizizi ilipasua mawe, na mawimbi yalikula ukingo wa kisiwa. Mwaka 2004 mji ukawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Ndipo kazi ilipoanza kweli. Misaada ilitoka nje, ndiyo, lakini mikono ilikuwa ya wenyeji: wavuvi, wakulima, akina mama wa kisiwani. Mafundi wa vijijini walifundishwa tena kuchoma chokaa kwa namna ya zamani, kwa sababu simenti ya siku hizi ni ngumu mno na inaweza kuudhuru ukuta wa matumbawe. Mawe yalipangwa ufukweni kuzuia mawimbi. Mikoko ilipandwa upya ili mizizi yake ishike udongo. Miti iliyokuwa inapasua kuta iliondolewa kwa uangalifu. Mwaka 2014, baada ya miaka 10, Kilwa ilitolewa katika orodha ya hatari. 

TURUDI BUTEMBO

Pengine unasema: "Hayo ni mambo ya watu wa bahari. Sisi huku hatuna kuba wala sultani." Kweli. Lakini Butembo yenyewe si ilikuzwa na dhahabu? Kampuni ya madini MGL iliundwa mwaka 1923, ikaleta kazi yake katika milima hii ya Wanande. Wafanyakazi walikusanyika, wauzaji wakafuata, na mahali pa kambi pakawa mji. Mapadri Waasumpsio walifika mwaka 1929, na misioni zikaanza kufyatua tofali, kuchoma, kupandisha kuta. Baadaye wafanyabiashara wetu wenyewe wakashika njia ya Kasindi na Mombasa, wakaleta mabati na simenti, wakajenga maduka na maghorofa bila kungojea serikali. Mwaka 2003 Butembo na Beni zikapewa cheo cha mji.

Basi tunao mtaa wa zamani, hata kama hatuuiti hivyo. Ziko nyumba za kampuni zenye baraza pana. Ziko shule na makanisa ya tofali ambazo babu zetu walizibeba kichwani. Ziko nyumba za miti na udongo zilizopangwa vizuri na mafundi wasiojua kusoma. Tofali letu lililochomwa kwa kuni za mikaratusi ndilo tumbawe letu. Kila mwaka mojawapo ya nyumba hizo inabomolewa kimya kimya, na hakuna aliyeipiga hata picha.

Na ndugu zetu wa upande wa Beni watasema neno zito zaidi. Tangu Oktoba 2014 mauaji yamefukuza watu katika vijiji vingi, na nyumba nyingi zimechomwa moto. Mtu aliyekimbia na mtoto mgongoni atasema: "Munaniambia juu ya kuta za zamani? Mimi ukuta wangu ni majivu." Ndugu, hatuna jibu la kufuta machozi hayo. Tunakuambia neno moja tu: hata Kilwa iliporwa, na watu wake walirudi wakajenga tena juu ya misingi ile ile. Waonyeshe watoto wako, kwa fimbo juu ya mchanga, namna nyumba yako ilivyokuwa: hapa mlango, hapa jiko, hapa ulizaliwa wewe. Siku ya kurudi watajua mahali pa kuweka jiwe la kwanza.

Kwa wengine wote, hatusemi kila mmoja ajenge ghorofa. Husuni Kubwa imetufundisha juu ya hilo. Tunashauri mambo machache ambayo jamaa yoyote inaweza kuyafanya:

1. Kila mara dhahabu inapouzwa, kabla ya jambo lingine lolote toa sehemu ya nyumba. Hata tofali 20. Hata bati moja. Kitu ambacho hakina miguu.

2. Jenga kwa kipimo cha vitu ulivyo navyo, kama fundi wa mikoko. Vyumba viwili vilivyokwisha vinapita vyumba sita visivyo na paa.

3. Toa njia ya maji kabla ya kupaka rangi. Katika milima yetu mvua ndiyo bahari yetu. Mfereji mzuri na majani yaliyopandwa kwenye ukingo ni ukuta wa kwanza wa nyumba.

4. Ninyi vijana wenye simu, pigeni picha za nyumba za zamani za mtaa wenu. Pimeni, andikeni: ilijengwa lini, na nani, kwa vifaa gani. Muzee akifa bila kuulizwa, kuna ukuta umeanguka.

5. Mtoto asiingie shimoni kwa ajili ya paa la nyumba. Paa la namna hiyo linavuja daima.

Yule binti wa shimo la zamani hakuiona Kilwa. Hakujua kwamba dhahabu yake itakuwa kuba, na kodi, na chombo kitakatifu. Wewe unajua zaidi kuliko yeye. Jioni hii, mkisha kula, angalia ukuta wa nyumba yako na uwaulize wote waliomo: mwaka huu dhahabu imepita hapa mara ngapi, na imeacha nini?

MASWALI YA KUZUNGUMZIA NYUMBANI AU KATIKA SHIRIKA

1. Ni nyumba gani iliyo ya zamani kuliko zote katika mtaa au kijiji chetu? Ni nani anayejua habari yake?

2. Msikiti Mkubwa wa Kilwa ulijengwa na vizazi vingi, na Husuni Kubwa na mtu mmoja. Jamaa yetu inajenga kwa namna ipi?

3. Katika eneo letu, nani anapata shanga, nani anapata nguo, na nani anapata jumba? Tufanye nini?

4. Ni kazi gani ya mikono, kama vile kuchoma tofali, kuchonga mbao au kuezeka, inayokaribia kusahauliwa kwetu? Nani anaweza kuifundisha kwa vijana?